Ghala Lililojaa Salamu

Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa kwanza waliniita kwenye sherehe yao ya kukutana tena, katika ukumbi wa nyumba ya wageni hapa Shinyanga, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na spika ni kubwa kuliko ukumbi wenyewe. Nilikwenda kwa furaha. Niliwaacha wakiwa vijana wembamba wa kukopeshana kalamu, nikawakuta wana vitambi, miwani na funguo za magari wanazoziweka mezani ili zionekane. Wote walisimama nilipoingia. Kisha Deogratias, ambaye tangu zamani tunamwita Deo, akachukua kipaza sauti. Siku hizi anapeleka mizigo kwenye migodi, ana malori yake, na sherehe yenyewe nasikia aliigharimia yeye. Akaninyooshea mkono akasema, "Huyu mama mnayemwona ndiye aliyenifanya niwe mimi. Biashara yote ninayoijua niliijua kwenye mchezo wake wa vizibo vya soda." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi si mtu wa kuchukia watu, na miaka yote nimejulikana kwa kumsubiri mwanafunzi wa mwisho hadi aelewe. Lakini makofi yale yalinitia kinyaa kama mtu aliyevikwa nguo ya ndani ya mtu mwingine. Nilitabasamu kwa sababu simu zilikuwa zinarekodi.

Mwaka anaousema ulikuwa wangu wa kwanza kazini. Chuo chetu kilikuwa Ngokolo, cha binafsi, kidogo, ndani ya jengo lililowahi kuwa ghala la pamba. Walipaka rangi kuta lakini dari hawakuigusa, hivyo upepo ukivuma nyuzi za pamba zilishuka taratibu hadi kwenye madaftari yetu na kwenye nywele, na wageni walidhani wote tumezeeka ghafla. Mvua ikinyesha harufu ya mashudu ilipanda kutoka sakafuni. Ofisi ya mkuu wa chuo ilitenganishwa na chumba cha walimu kwa ubao mwembamba, na ukikaa upande wetu ulijua hata kama chai yake ina sukari ya kutosha. Saa nne tulikunywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo wanafunzi wa vijijini walikuja navyo mifuko mizima. Nilifundisha ununuzi na ugavi. Nusu ya darasa walitoka shambani moja kwa moja na nusu nyingine walikuwa wameshafanya kazi maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, au kwenye maduka ya kando ya maduara hayo.

Niliwapa mchezo kwa sababu maneno "mnyororo wa ugavi" hayakuwaingia, na sikuwalaumu. Ngoja niueleze polepole, maana bila kuuelewa hutaelewa kilichofuata. Unapanga meza nne kwa mstari. Ya kwanza ni duka, tuseme la Kharumwa, linalouza mabuti ya mpira kwa wachimbaji. Ya pili ni muuzaji wa jumla wa Kagongwa. Ya tatu ni mwagizaji wa Dar es Salaam. Ya nne ni kiwanda, huko ng'ambo, ambako mzigo ukitoka lazima ukae majini kwanza. Kila kizibo cha soda ni katoni moja ya mabuti. Mimi ndiye mteja: kila zamu ninalionyesha duka kadi yenye idadi ninayotaka. Duka linaandika oda kwenye karatasi kwenda Kagongwa, Kagongwa inaandika kwenda Dar, na Dar kwenda kiwandani. Hakuna kuongea. Mzigo unachelewa njiani, kama unavyochelewa kweli. Kundi lenye vizibo vichache vilivyolala bila kuuzwa na wateja wachache waliokosa ndilo linaloshinda, kundi zima, si meza moja. Kinachotokea ni kilekile popote duniani unapocheza. Mteja anaongeza kidogo tu, duka linaogopa linaagiza zaidi, Kagongwa inaogopa zaidi, na kiwanda kinatengeneza mlima wa mabuti ambayo yatafika wakati hakuna anayeyataka. Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja amefanya la busara akiwa gizani.

Nilikuwa na makundi mawili. La kwanza liliongozwa na Kabula, ambaye wengi tulimwita Mama Milembe, mwanamke wa Kharumwa aliyekuwa na kiduka chake mwenyewe na alikuwa amemwacha binti yake kwa bibi ili aje asome. Alikaa meza ya duka. Karatasi yake ya kwanza hakuirusha kama nilivyoelekeza. Aliinuka, akaibeba kwa mikono miwili hadi meza ya Kagongwa, akapiga goti kidogo, akamwamkia mwenzake kwa Kisukuma kama rafiki.

"Mwangaluka, nkoi."

"Mwangaluka," akajibu kijana wa meza ile, akiinuka naye. "Mhola?"

"Mhola duhu. Salama tu. Ila nyumbani kumebaki kweupe, hata cha kufagia hakuna. Na wageni wamekuja wengi leo, sijui kama watakaa au ni wa kupita."

Nikagonga meza. "Mama Milembe! Tumesema hakuna kuongea."

"Sijaongea, Madam. Nimesalimia."

Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia sheria ni karatasi tu.

"Sasa Madam, nimfikie mtu mzima, nimsukumie karatasi kama ninamshitaki, nigeuke niondoke? Kesho nikifiwa, huyu atakuja kweli?"

"Atakuja na karatasi," mtu akasema nyuma, na hapo hata mimi nilishindwa kujizuia.

Nilijaribu mara mbili zaidi kuwanyamazisha nikashindwa. Msukuma wa kijijini hawezi kufika mezani kwa mtu akatoa shida yake kabla ya kumjulia hali, na akijuliwa hali lazima aseme hali. Salamu yao ilikwenda meza kwa meza hadi kiwandani na kurudi: huku kumekauka, kule mzigo uko majini, wale wageni waliondoka, msihangaike. Tulipohesabu mwishoni, kundi la Kabula lilikuwa na vizibo vichache tu vilivyolala. Kundi la pili, lililotii sheria yangu kimya kimya kama kanisani, lilikuwa na kilima. Nikawaambia ukweli, kwamba kosa la kina Kabula, la kuongea, ndilo somo lenyewe nililokuwa nimepanga kulifundisha wiki mbili baadaye. Kilichoharibu mnyororo ni ukimya. Kabula alifunika uso kwa kanga akicheka. Wiki iliyofuata nikabadili sheria: karatasi iende na salamu, na ndani ya salamu mtu aseme atakalo.

Muda si mrefu mkuu wa chuo akatangaza kwamba mzabuni mmoja anayelisha maghala ya mgodi huko Geita atakuja kuutazama mchezo, na atamchukua mtu mmoja kuwa mtunza ghala wake, kabla hata ya mitihani. Kazi ilikuja na nyumba ya vyumba viwili. Kabula aliniambia habari ya nyumba ile tukiwa tunaosha vikombe. "Madam, Milembe ananiita shangazi. Anamwita bibi yake mama. Nikipata vile vyumba viwili namchukua siku hiyohiyo, hata godoro tutalikuta mbele." Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema hivyo kisha akauliza kitambaa cha kukaushia kiko wapi. Tangu siku hiyo nilijua mchezo wa vizibo umeacha kuwa mchezo kwake.

Mzabuni alikuja na shati la kitenge na viatu vyenye ncha, akakaa mbele, akawekewa chai na sahani ya matobolwa. Kundi la Kabula lilicheza kama lilivyozoea. Katika kundi la pili Deo alikuwa meza ya Kagongwa, na meza ya duka alikaa binti mpole wa Ushirombo. Nilimtazama Deo akimwendea yule binti zamu baada ya zamu. Hakuna mtu aliyesalimia vizuri kama yeye siku ile. "Mwangaluka, dada. Mama mguu umepoa? Na mdogo wako alishapata shule? Pole, pole sana. Mzigo bado uko majini, vumilia." Upande wa pili aliwaambia Dar kwamba Kharumwa watu wanagombana kwa kukosa mabuti, wamletee zaidi. Wakamletea. Meza yake ilionekana tupu, meza ya binti ilikuwa tupu, na kadi zangu za wateja zilirudi bila kitu hadi binti akaacha kuniangalia usoni. Kundi likashindwa vibaya. Hesabu za kundi hazikulingana na vizibo nilivyovigawa, nikauliza vingine viko wapi.

Deo akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mgeni, akavua kiatu, akavua soksi, akaikung'uta. Vizibo vikamwagika juu ya meza ya chai, vimelowa jasho, vingine vikavingirika hadi ndani ya sahani ya matobolwa. Akavua na ya pili. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa na alama nyekundu za meno ya vizibo. Harufu ilinifikia pale nilipokuwa nimesimama.

"Ulikuwa unavisubirishia nini?" mzabuni akamuuliza.

"Nilikuwa nasubiri waanze kulia, mzee."

Mzabuni alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge chake. Kisha akaokota tobolwa kutoka sahani ileile, akakisogeza kizibo pembeni kwa kidole, akala.

Nilikuwa chumba cha walimu walipoingia ofisini, na ubao ule haukunificha kitu. Mkuu wa chuo alianza kueleza kwamba kwa alama kundi la yule mama ndilo lililoshinda. "Yule mama hapana," mzabuni akasema. "Mtu akimsalimia tu anammwagia ghala zima. Nitakaa na mtu kama yule mimi? Huyu kijana mwingine amenificha hata mimi niliyekaa pale mbele nikimtazama. Huyo ndiye mtunza ghala." Nikasikia kijiko kinakoroga. Mkuu wa chuo, aliyekuwa na shahada mbili ukutani, akasema kwa sauti laini, "Ndiyo matunda ya chuo chetu, mzee." Nilitoka nje nikatema mate. Sikuwa na kitu mdomoni, lakini nilitema.

Nimeulizwa na walimu wenzangu kama si mchezo wenyewe uliomharibu Deo. Nimelifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama ninavyofikiria swali lolote la mwanafunzi, na jibu langu ni hapana. Nimeufundisha mchezo huo hadi leo, na wengi wametoka humo wakijua kumwambia mwenzao ukweli mapema. Mchezo unamwonyesha mtu kwamba anayejua kilichomo ghalani ameshika koo la asiyejua. Akishaonyeshwa, kuna anayelegeza vidole na kuna anayekaza. Kinachonichukiza si kwamba Deo alikaza. Ni kwamba alikaza huku anauliza hali ya mguu wa mama.

Kabula alirudi Kharumwa dukani kwake bila kumaliza mwaka. Masika ilipokuja niliwapeleka waliobaki kuona ghala la kweli, na mkuu wa chuo akachagua la yule mzabuni, kwenye barabara ya kwenda Geita, ili tuone "mwenzetu alivyofanikiwa." Deo alitupokea akiwa na sare na funguo shingoni. Ndani mlikuwa na giza, kinyesi cha panya pembezoni mwa kuta, na harufu kali ya dawa iliyokwaruza pua. Akatukaribisha tukae juu ya makatoni. Mwanafunzi mmoja akainama akasoma maandishi: vidonge vya kusafishia maji. Tuliyajua mambo ya msimu ule. Mvua ilikuwa imeingiza uchafu wa vyoo kwenye visima vya kandokando ya maduara, na watu walikuwa wanaharisha kambi baada ya kambi. Deo akatueleza kwa utulivu, kama anafundisha, kwamba mgodi ulishachukua sehemu yake, na hivi vilivyobaki vinangoja. "Huku nje bei bado haijakomaa," alisema. Wanafunzi wangu waliandika.

Hapo pikipiki ikasimama nje, na kwenye dirisha la kuhudumia ikatokea sauti ninayoijua. Sisi tulikuwa nyuma ya rafu, yeye hakutuona.

"Mwadila," Kabula akatoa salamu ya mchana, akihema.

"Mwadila, Mama Milembe! Karibu, karibu. Milembe hajambo? Bibi naye, presha imeshuka?"

"Hawajambo. Deo, nimeambiwa mna vidonge vya maji. Kwa jirani yangu watoto wawili wameanza tangu jana, mmoja hata maji hayashiki. Nipe hata katoni moja tugawane mtaa mzima."

"Jamani, pole! Mpe pole sana huyo jirani. Lakini ungekuja juzi. Leo hakuna hata kimoja, mzigo uko njiani."

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusema kitu, miguu ndiyo iliyoinuka. "Kabula, vipo," nikasema kwa sauti. "Nilikuwa nimevikalia."

Deo hakushtuka hata kidogo. Aligeuka, akanitabasamia, akawaambia wanafunzi, "Madam anadhani bado tuko darasani." Nao wakacheka. Hilo ndilo ninalolisikia hadi leo, kile kicheko cha watu niliowasubiri hadi waelewe. Kisha akamgeukia Kabula kwa upole uleule. "Hivyo vina mwenyewe, mama. Pita Jumatatu, nitakupangia bei nzuri kama mwenzangu." Nilikwenda dirishani. Kabula alikuwa amelowa hadi magotini, na matope yamemrukia usoni. Alinitazama mimi, si yeye. "Wabeja, Madam," alisema, asante. "Basi tutachemsha." Akapanda pikipiki. Deo akapaza sauti nyuma yake, "Msalimie Milembe!" na yule mwanamke aliyeshindwa kupeleka karatasi bila salamu aliondoka bila kumjibu. Nilinyanyua katoni moja niitoe nje. Mlinzi akanipokonya kwa adabu, akisema, "Samahani, mama, nitafukuzwa kazi."

Mchana mzabuni alituandalia sato wa kukaanga kwenye baraza. Wanafunzi walikula hadi wakafyonza vichwa. "Jamaa ana akili yule," mmoja akasema, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Hata mwaka haujaisha, mwone." Mimi sketi yangu ilikuwa inanuka dawa ya yale makatoni, na sikuweza kuweka kitu mdomoni. Nilianza kuwaeleza, nikaeleza tena kwa mfano mwingine, kama kawaida yangu. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza mahubiri njaa ikimuuma. Tuliporudi mkuu wa chuo aliniita, akaniambia niwe na kiasi mbele ya wadau.

Siku chache baadaye Kabula alinipigia. Kuni za mtaani zilikuwa zimelowa zote, alisema, moto haukushika, na mtoto mmoja wa jirani yake wameshamzika. Sisemi kwamba vidonge vingemwokoa. Mwalimu hapaswi kusema asichokijua, na yawezekana alikuwa amekwenda mbali tayari. Ninachokijua nilikikalia kwa makalio yangu: vilikuwepo, na aliyeulizwa alisema havipo. Nilimuuliza Kabula nimsaidie nini, akaniambia ameshaanza mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa anawapigia wenye maduka wote wa Kharumwa kuwajulia hali, kila mmoja anataja kilichomwishia, na mmoja wao anakwenda Mwanza kuwachukulia wote. Anafanya hivyo hadi leo. Milembe alikuja kuishi naye nyuma ya duka, kwenye chumba kimoja.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimekaa ukumbini mwezi uliopita, makofi yakiisha, chakula kikiletwa. Deo hakumwachia mhudumu. Alichukua mwenyewe jagi na beseni, akapita katikati ya meza akiwa na koti lake la suti, akapiga goti mbele yangu. Watu wakasema "eeh!" kwa kupendezwa, simu zikainuliwa.

"Nikunawishe, mama yetu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Baraka alishamaliza chuo? Na Neema, yule wa pili, bado yuko Dodoma?" Alikuwa na majina ya wanangu wote, na sikuwahi kumtajia hata mmoja. "Kuna jambo nataka kukuomba. Njoo uwafundishe wafanyakazi wangu ule mchezo. Nitakutumia gari."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Niliishusha nikaiweka mapajani.

"Deo," nilisema, si kwa sauti kubwa, "mtoto wa jirani yake Kabula aliitwa Shija."

"Nani, Madam?"

"Masika ile, ya vidonge. Alizikwa wiki ileile. Wewe unashika majina ya watu. Shika na hilo."

Alibaki amepiga goti, tabasamu liko palepale kwa ajili ya simu, na jagi alikuwa ameshaliinamisha. Maji yalitoka yakaingia kwenye beseni, na hapakuwa na mikono katikati. Aliendelea kumimina, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, hadi yakaisha.